Roosevelt aliumaliza Mdororo Mkuu, au ni vita vilivyoumaliza?

Msomaji wetu wa Mombasa anauliza:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili. Wakati wa korona nilipata kibarua cha Kazi Mtaani, tukizibua mitaro na kufyeka nyasi kwa malipo ya serikali. Juzi mhadhiri alituambia kwamba fikra hiyo ni ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyewapa mamilioni kazi wakati wa Mdororo Mkuu, lile anguko la uchumi la miaka ya 1930. Mwenzangu akapinga, akasema Roosevelt hakumaliza mdororo wowote, ni Vita vya Pili vya Dunia. Tumebishana hadi chakula kikapoa. Nani kati yetu amesema kweli? Na kumlipa mtu afyeke nyasi kunausaidia nini uchumi? Tena nimesikia kwamba si wote waliofaidika. Ni nani walioachwa?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mnabishana juu ya jambo hili mezani, maana hata wataalamu hawajaacha kubishana.

Wewe na mwenzako mnapima vitu mbalimbali kwa kipimo kimoja. Mpango Mpya wa Roosevelt wa kupambana na mdororo, ule ambao Wamarekani wenyewe huuita New Deal, haukuwa mpango mmoja uliochorwa na mtu mmoja. Ulikuwa rundo la sheria na mashirika yaliyoundwa kati ya 1933 na 1938, na baadhi yalivutana yenyewe kwa yenyewe. Humo ndani mlikuwa na kazi tatu: kumlisha aliyelala njaa jana, kuufufua uchumi, na kuirekebisha mifumo iliyoileta balaa. Ya kwanza ilifanyika kwa mamilioni, ingawa si kwa wote. Ya pili ilifika nusu ya njia, tena zaidi kwa nguvu ya benki na dhahabu kuliko ya mitaro. Ya tatu ndiyo inayoishi hadi leo.

Tuanze na hali yenyewe. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na vitabu vingi vya shule humfanya mtoto aamini kwamba nchi ilifilisika siku hiyo. Uchumi ulizama polepole, kwa zaidi ya miaka mitatu. Kufikia mwanzo wa 1933 mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi, karibu watu milioni 13. Hapakuwa na bima ya taifa ya waliopoteza kazi wala pensheni ya taifa ya wazee. Msaada ulikuwa wa makanisa, vyama vya hisani, miji na majimbo, na hazina zao zilikuwa zimekauka kwa sababu wasio na kazi hawalipi kodi.

Lakini ukitaka kuelewa kwa nini balaa lilikuwa kubwa hivyo, tazama bei. Mwaka 1929 mkulima aliuza busheli moja ya ngano (kipimo cha nafaka cha Wamarekani) kwa dola moja na senti chache. Mwaka 1932 aliiuza kwa senti 38. Pamba ilishuka kutoka senti 17 hivi kwa ratili hadi senti 6 na ushei. Sasa mchukue mkulima aliyekopa dola 1,000 mwaka 1929 na kuweka shamba lake rehani. Siku aliyokopa, deni lile lilikuwa na thamani ya busheli kama elfu moja. Miaka mitatu baadaye anadaiwa dola 1,000 zile zile, hazijaongezeka hata senti, ila sasa lazima auze busheli zaidi ya 2,600 kulilipa. Hawezi. Benki inachukua shamba, lakini shamba lenyewe halina mnunuzi, kwa hiyo benki nayo imekwama. Wenye akiba wakisikia fununu wanakimbilia mlangoni, na benki ambayo jana ilikuwa inapumua leo imekufa. Benki zipatazo 9,000 zilifungwa kati ya 1930 na 1933. Kila iliyofungwa ilizika na fedha za watu, fedha zikapungua mikononi mwa wanunuzi, bei zikashuka tena, na mkulima wa pili akaanguka.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya mlango wa benki iliyofungwa, miaka mingi iliyopita, hapa hapa Afrika Mashariki. Karatasi moja ya taipu ilikuwa imebandikwa kwenye kioo kwa ndani. Nyuma yangu alisimama mama muuza samaki, kapu lake bado lina maji, na hakujua kusoma. Aliniuliza imeandikwa nini, nikamsomea. Akauliza tena, nikamsomea tena. Mara ya tatu alinitazama mimi badala ya karatasi, kana kwamba ningeweza kusoma kitu kingine. Tangu siku hiyo sijaweza kufundisha habari za benki za 1933 kama takwimu tu.

Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933. Tayari majimbo mengi yalikuwa yamezifunga benki zao au yameweka kikomo cha fedha za kutoa. Siku mbili baadaye akaamuru benki zote nchini zifungwe. Tarehe 9 Bunge lilipitisha sheria ya dharura kwa siku moja, wabunge wengi wakiipigia kura bila kuwa na nakala mkononi. Wakaguzi wakapewa kazi ya kutenganisha benki nzima na mbovu. Kisha Jumapili usiku, tarehe 12, rais akazungumza redioni. Hakuhubiri. Aliwaeleza watu jinsi benki inavyofanya kazi: kwamba fedha unazoweka hazikai kabatini, zinakopeshwa, na ndiyo maana hakuna benki duniani, hata iliyo nzima, inayoweza kumlipa kila mtu siku moja. Akawahakikishia kwamba zitakazofunguliwa zimekaguliwa. Jumatatu asubuhi zilipoanza kufunguliwa kulikuwa na foleni, ila watu walikuwa wanarudisha fedha. Soko la hisa lilipofunguliwa tarehe 15, bei zilipanda kwa asilimia 15 siku hiyo moja.

Haki itendeke hapa: sehemu kubwa ya kazi ile ya kiufundi ilifanywa na maofisa wa hazina wa Herbert Hoover, rais aliyetangulia, waliokubali kubaki ofisini siku chache zaidi. Hoover mwenyewe alikuwa amekwisha kuanzisha mwaka 1932 shirika la serikali la kuzikopesha benki na reli. Si kweli kwamba alikaa mikono mifukoni. Kasoro yake ni kwamba alikataa kabisa serikali kuu kumpa mwenye njaa mkate mkononi, na aling'ang'ania dhahabu.

Dhahabu ndiyo hoja ambayo ningependa umpelekee mwenzako. Siku zile dola ilifungwa kwenye dhahabu kwa bei maalumu, dola 20.67 kwa wakia. Nchi iliyojifunga hivyo haiwezi kuongeza fedha kwa kadiri ya shida yake. Ikijaribu, dhahabu inakimbia. Aprili 1933 Roosevelt aliikata kamba hiyo, na kuwaamuru raia wakabidhi dhahabu yao. Januari 1934 bei mpya ikawekwa: dola 35 kwa wakia. Dhahabu ya Ulaya ikaanza kumiminika Marekani, kwanza kwa ajili ya bei, halafu kwa hofu ya Hitler, na kila shehena iliyoingia iliongeza fedha kwenye mabenki. (Ndiyo miaka ile ile Kakamega na Chunya zilipofurika wachimba dhahabu, kwa sababu mazao mengine yote hayakuwa na bei na dhahabu ilikuwa nayo.) Bei za mazao Marekani zikaacha kushuka, zikaanza kupanda, na lile deni la mkulima wetu likaanza kulipika.

Kati ya 1933 na 1937 uchumi wa Marekani ulikua kwa wastani wa asilimia 8 hivi kwa mwaka. Ni kasi kubwa sana kwa nchi isiyo vitani. Kwa hiyo mwenzako anaposema ni vita tu, muulize ni vita gani vya 1934. Ila kumbuka pia kwamba uchumi ulikuwa unapanda kutoka shimoni. Mwaka 1937 ulikuwa umefika karibu na ukingo, na mamilioni bado hawakuwa na kazi.

Sasa mitaro yako. Mtu wa kumjua hapa ni Harry Hopkins, mtoto wa Iowa aliyeanza maisha kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika mitaa ya maskini ya New York. Mei 1933 alikabidhiwa dola milioni 500 za msaada, na katika saa mbili za kwanza kazini akawa ameidhinisha zaidi ya milioni 5. Wakosoaji walipomwambia mambo yatajinyoosha yenyewe kwa muda mrefu, alijibu kwamba watu hawali kwa muda mrefu, wanakula kila siku.

Hopkins alikuwa ameona jambo moja kwa macho yake. Aliyeomba msaada siku zile alitembelewa nyumbani. Ofisa aliingia jikoni, akafungua kabati, akauliza kama kuna jamaa wa kumtunza, kisha akaandika vocha ya kwenda kuchukulia unga na mafuta kwenye duka fulani. Baba wa watoto wanne aliyekuwa fundi seremala jana, leo anasimama kando ya meko yake huku mgeni akihesabu mikebe. Hopkins aliamini kwamba fedheha hiyo inaua kitu ndani ya mtu, na kwamba dawa yake ni kazi yenye mshahara. Novemba 1933, kipupwe kikibisha hodi, alianzisha mpango wa dharura wa kazi, na kufikia Januari watu zaidi ya milioni 4 walikuwa kazini. Nusu yao walichukuliwa bila kuulizwa habari za kabati. Walilipwa kwa hundi, wakanunua watakacho. Roosevelt aliusimamisha mpango huo Machi 1934 kwa kuogopa gharama, na kwa maoni yangu alikosea.

Mpango aliokuwa nao moyoni yeye rais ni ule wa vijana, uliojulikana kwa herufi CCC. Ulianza majira ya kuchipua ya 1933. Ulichukua vijana wa kiume wasiooa, wa miaka 18 hadi 25, kutoka familia zilizokuwa zikipokea msaada, ukawapeleka makambini kupanda miti, kuzuia mmomonyoko, kuzima mioto ya misitu na kutengeneza njia katika hifadhi. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilipelekwa nyumbani moja kwa moja. Kijana alibaki na dola 5 mkononi, na mama yake alipokea hundi yenye jina la familia. Vijana wapatao milioni 3 walipitia makambi hayo katika miaka tisa, wakapanda miti kiasi cha bilioni 3. Sheria ilikataza ubaguzi, lakini vijana weusi waliwekwa makambi yao peke yao, na wasichana hawakuchukuliwa.

Mkubwa wa yote ulikuja 1935: WPA, mpango wa serikali kuu wa kazi za umma, ulioongozwa tena na Hopkins, na kudumu hadi 1943. Watu milioni 8 na nusu walifanya kazi humo kwa vipindi mbalimbali, kwa kawaida mtu mmoja kwa kila familia. Walitengeneza au kukarabati barabara zaidi ya kilomita milioni moja, wakajenga shule, hospitali, madaraja, mifereji ya maji machafu na viwanja vya ndege. Wanawake waliokuwa vichwa vya familia walikaa kwenye vyumba vya kushonea nguo za maskini. Katika milima ya Kentucky wanawake walilipwa kupanda farasi na nyumbu, mifuko ya vitabu ikining'inia pande mbili, kuvipeleka kwenye nyumba ambazo gari halifiki. Na waandishi wasio na kazi walitumwa kwenda kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani wangali hai. Simulizi zaidi ya 2,300 zilikusanywa kati ya 1936 na 1938. Wazee wale wangekufa na maneno yao. Kama WPA isingefanya jambo jingine lolote, hilo peke yake lingenitosha mimi kuiheshimu.

Unauliza kufyeka nyasi kunausaidia nini uchumi. Kuna majibu mawili na usiyachanganye. La kwanza ni la mfukoni: fedha anayolipwa asiye na kitu hailali. Anamlipa mwenye duka, mwenye duka anamlipa mwenye ghala, na kiwanda kilichosimama kinaita watu kumi. Kwa jibu hili haijalishi sana umefyeka nyasi au umejenga daraja. La pili ni la kile kinachobaki ardhini baada ya mtu kulipwa, na hapa daraja na nyasi si sawa hata kidogo. Nyasi zitaota tena kabla ya mvua ijayo. Mipango ya Hopkins ilikuwa na vyote viwili. Kulikuwa na viwanja vya ndege na kulikuwa na kuzoa majani, na magazeti ya wapinzani yalijaa picha za wanaume walioegemea makoleo. Ukitaka kuupima mradi wowote wa aina hii, uwe wa Marekani au wa mtaani kwenu, uliza umefikia wangapi kati ya wanaohitaji, malipo yanafika kwa wakati, na kitu gani kitakuwapo miaka ishirini baadaye.

Kwenye swali la kwanza kati ya hayo, WPA yenyewe ilipungukiwa. Mwishoni mwa 1938, ilipokuwa imefura kuliko wakati wowote, ilikuwa na watu milioni 3 na laki 3, na waliokosa kazi walikuwa karibu mara tatu ya hao. Fedha pia zilikuwa chache kuliko sifa zake. Pengo la bajeti ya serikali kuu katika miaka ile lilikuwa kama asilimia 5 ya pato la taifa, wakati uzalishaji ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Tena, serikali kuu ilipokuwa ikimimina kwa mkono mmoja, majimbo na miji yalikuwa yakipandisha kodi na kukata matumizi. Mwaka 1956 mchumi E. Cary Brown alizipiga hesabu hizo zote kwa pamoja, akahitimisha kwamba matumizi ya serikali hayakuuinua uchumi katika miaka ya 1930 kwa sababu hayakujaribiwa kwa kiasi cha kutosha. Hapo ndipo mhadhiri wako anapaswa kupunguza sauti kidogo: kazi zile ziliokoa watu, lakini hazikuwa kubwa kiasi cha kuuokoa uchumi peke yake.

Kisha ikaja 1937, mwaka ninaowasisitizia wanafunzi kuliko yote. Mambo yalikuwa yanaonekana mazuri. Roosevelt, ambaye moyoni hakupenda madeni, akaamua kusawazisha bajeti, na watu wa WPA wakapunguzwa. Kodi mpya ya pensheni ikaanza kukatwa kwenye mishahara Januari mwaka huo, kabla ya mzee yeyote kupata pensheni ya mwezi. Benki kuu, kwa kuhofia mfumuko wa bei, ilikuwa imeongeza maradufu, kwa hatua, kiasi cha amana ambacho benki zililazimika kukiweka pembeni. Hazina nayo ikazuia dhahabu inayoingia isigeuke kuwa fedha. Breki zote zikakanyagwa kwa pamoja. Uchumi ukaanguka tena, na kiwango cha wasio na kazi kikapanda kutoka asilimia 14 hadi 19 mwaka 1938. Majira ya kuchipua ya mwaka huo Roosevelt akarudi Bungeni kuomba fedha, na ukuaji ukaanza upya. Kwa nchi kupewa jaribio la wazi namna hiyo, kwenda na kurudi, ni nadra sana.

Na hapa kuna mtego wa takwimu ambao umewanasa wengi. Hesabu rasmi ya kipindi kile inamweka mfanyakazi wa WPA kwenye kundi la wasio na kazi. Mtu anamimina zege kutwa, analipwa, anarudi nyumbani na mkate, lakini kwenye jedwali ameandikwa hana kazi. Ukimhesabu kama ana kazi, asilimia 14 ile ya 1937 inashuka hadi 9 hivi. Wanaosema Mpango Mpya haukupunguza ukosefu wa kazi mara nyingi wametumia jedwali la kwanza bila kukuambia.

Mwenzako ana haki kwa sehemu iliyobaki. Viwanda vya Marekani vilipoanza kupokea oda za silaha kuanzia 1940, na nchi ilipoingia vitani Desemba 1941, serikali ilitumia bila kuuliza bei. Mwaka 1943 pengo la bajeti lilizidi robo ya pato la taifa, na kufikia 1944 wasio na kazi walikuwa chini ya asilimia 2. Vita vilimaliza ukosefu wa kazi. Lakini vilimaliza kwa kufanya kwa ukubwa wa kutisha jambo lile lile ambalo Hopkins alikuwa akilifanya kwa kijiko, tena kwa kujenga vifaru, na kwa kuwapeleka vijana milioni nyingi mbele ya risasi. Sidhani ni hoja ya kumfurahisha mtu anayeamini kwamba serikali haiwezi kuajiri.

Mengine yalifeli, na sitaki uondoke ukidhani ninamtetea Roosevelt kwa kila jambo. Sheria ya viwanda ya 1933 iliwaruhusu wenye viwanda kukaa pamoja na kupanga bei, jambo lililowaumiza wanunuzi. Mahakama ya Juu iliifuta Mei 1935 kwa kauli moja, katika kesi ya wauza kuku wa Brooklyn, na uchumi haukuikosa. Sheria ya kilimo iliwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande. Mwaka huo wa kwanza pamba ya ekari milioni 10 ililimiwa chini ikiwa shambani, na watoto wa nguruwe milioni 6 walichinjwa. Sehemu ya nyama ilipewa wenye njaa, lakini nyingi iligeuzwa mbolea na mafuta, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya supu walizisoma habari hizo gazetini. Bei zilipanda kweli. Ila malipo yalikwenda kwa mwenye ardhi. Kule kusini, mamia ya maelfu ya familia zililima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno, na mwenye ardhi aliyelipwa kupunguza shamba aliona rahisi kuwafukuza. Mwaka 1934 huko Arkansas wakulima wa namna hiyo, weusi na weupe, waliunda chama kimoja cha kujitetea. Walikaa benchi moja, kusini, mwaka 1934, wakapigwa na kutishwa kwa ajili hiyo.

Sasa niingie kwenye kile kilichobaki. Sheria ya benki ya Juni 1933 ilileta bima ya amana. Aliyeipigania ni mbunge Henry Steagall wa Alabama. Roosevelt mwenyewe hakuipenda, akiogopa itawabeba wenye benki wazembe. Ilianza Januari 1934 kwa kumlinda mwenye akiba hadi dola 2,500, na katikati ya mwaka ikafika 5,000. Mwaka 1933 zilikuwa zimefungwa benki zipatazo 4,000. Mwaka 1934, kati ya zile zilizokatiwa bima, zilianguka tisa. Uzuri wa dawa hii ni kwamba ikiaminika hutumika mara chache: nikijua fedha yangu italipwa hata benki ikifa, sina sababu ya kukimbilia mlangoni, na nisipokimbia benki haifi. Nchi nyingi zimeiga, na zetu zimo. Kenya leo inamlinda mwenye amana hadi shilingi 500,000. Kila nikisoma kiwango hicho kikipandishwa, namwona yule mama na kapu lake la samaki.

La pili ni sheria ya hifadhi ya jamii, iliyotiwa sahihi tarehe 14 Agosti 1935. Mama yake ni Frances Perkins, Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Marekani. Mwaka 1911, akiwa kijana, alisimama kwenye barabara ya New York akitazama kiwanda cha nguo kikiungua, wasichana washonaji wakiruka madirishani kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146. Alisema baadaye kwamba Mpango Mpya ulianza siku ile. Sheria yake ilileta pensheni ya uzeeni kwa makato ya mshahara, bima ya waliopoteza kazi, na msaada kwa akina mama wenye watoto na wasioona.

Hundi ya kwanza ya pensheni ya kila mwezi ilitolewa tarehe 31 Januari 1940, namba 00-000-001, kwa Ida May Fuller wa Vermont, aliyekuwa karani wa ofisi ya mawakili. Ilikuwa dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa jumla ya dola 24 na senti 75 katika miaka mitatu, kwa hiyo hundi ya pili ilikwisha kumrudishia zaidi ya alichotoa. Aliishi hadi miaka 100.

Na swali lako la mwisho, walioachwa ni nani. Sheria ile ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Kwa wafanyakazi weusi hiyo ilikuwa karibu theluthi mbili yao, kwa sababu kule kusini hizo ndizo kazi walizoachiwa. Wanahistoria wanabishana kama waliachwa kwa sababu wabunge wa kusini walitaka hivyo, au kwa sababu maofisa wa hazina waliona vigumu kukusanya makato ya watu wanaolipwa fedha taslimu jikoni na shambani. Nimesoma hoja za pande zote mbili na naona zote zina uzito, lakini kwa aliyeachwa tofauti ilikuwa ndogo. Mwanamke wa Georgia wa umri wa Ida Fuller, aliyefua na kupika katika nyumba za watu miaka arobaini, hakukatwa senti kwa sababu sheria haikumtambua kama mfanyakazi, na mwaka 1940 hakuna hundi iliyoandikwa kwa jina lake. Watumishi wa majumbani walianza kuingizwa kwa marekebisho ya 1950, na wengi wa mashambani kwa yale ya 1954. Kama alikuwa na miaka 65 siku Fuller alipopokea hundi yake, mlango ulipoanza kufunguliwa alikuwa na 75.